Shaba Katika Manyoya ya Shorobo

Mwaka 1869 Arthur Herbert Church, mwalimu wa kemia katika Chuo cha Kifalme cha Kilimo pale Cirencester, Uingereza, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya manyoya mekundu ya ndege mmoja wa Afrika. Ndege huyo ni shorobo, mkazi wa vilele vya miti, mwenye mwili wa kijani na mabawa ambayo akiyakunjua huwa mekundu ya damu. Wafugaji wa ndege wa Ulaya walikuwa wameona kioja kwake. Akioga katika maji yenye sabuni, maji hugeuka mekundu. Alikuwa anachuja rangi kama kanga mpya inayofuliwa mara ya kwanza.

Church aliyaloweka manyoya hayo katika maji yenye alkali kidogo, rangi ikatoka. Akatia asidi, nayo ikajitenga na maji na kutuama chini, ungaunga mwekundu uliokolea. Alipouchunguza akakuta ndani yake kitu ambacho hakuna aliyekitarajia katika unyoya: shaba, ile ile ya waya na ya sufuria. Wala haikuwa vumbi lililoshika kwa bahati mbaya, maana takriban asilimia 7 ya uzito wa dutu hiyo ni shaba, iliyofungwa humo barabara, na bila shaba hiyo wekundu wenyewe usingekuwa vile ulivyo. Wakemia wana njia nyepesi ya kuitambua shaba: ukiiunguza, mwali wa moto huwa kijani. Unyoya mwekundu wa shorobo nao ukiunguzwa huonyesha kijani hicho. Church aliipa dutu yake jina la turasini.

Shani ya ndege huyu, kwa maoni yangu, iko zaidi katika kijani cha kifuani na shingoni, ambacho macho ya haraka hukiruka ili yawahi mabawa. Wekundu unaowaka ndege wengi wanao. Kijani cha shorobo ni jambo jingine, na kufahamika kwake kulichukua zaidi ya miaka mia moja, kukapita Unguja na mto Tana, kukapanda Amani katika milima ya Usambara, kisha kukaishia katika vyombo vya kupimia nuru huko Denmark.

Tuanze na kwa nini habari ya shaba iliwagusa watu wa zama zile. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na uchu wa kijani. Watia rangi wa kale hawakuwa na kijani kimoja cha kutegemea kwa nguo. Walichovya kitambaa katika nili ya buluu, kisha katika rangi ya njano ya mimea, na kijani kikapatikana hapo katikati, mara nyingi kikififia upande mmoja kabla ya mwingine. Mwaka 1775 Mswidi Carl Wilhelm Scheele akatengeneza kijani kwa kuchanganya shaba na aseniki. Mwaka 1814 kikatokea kingine chenye kung'aa zaidi katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, nacho cha shaba na aseniki vilevile. Kikapakwa kwenye karatasi za ukutani, kikatiwa kwenye magauni ya dansi, kwenye majani ya maua bandia, hata kwenye vitu vya watoto kuchezea. Mwaka 1861 msichana wa miaka 19 aliyekuwa akipaka vumbi la rangi hiyo kwenye maua bandia huko London alikufa kwa sumu, na magazeti yakaandika habari zake kwa kirefu. Wazungu walikuwa wamepata kijani cha shaba wakakilipia kwa roho za watu.

Church aliyajua mambo haya kwa undani. Mwaka 1879 alifanywa profesa wa kemia katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, na mwaka 1890 akatoa kitabu kikubwa juu ya kemia ya rangi za wachoraji. Kazi yake ikawa kuwaambia wachoraji ni rangi ipi itadumu juu ya turubai na ipi itawasaliti. Mtu wa namna hiyo kukutana na kiumbe kinachojipamba kwa shaba, kikala, kikataga, kikaishi bila kudhurika, lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Zaidi ya miaka ishirini baadaye alikuwa bado anaandika juu ya turasini.

Shorobo hakuwa mgeni kabisa kwa Wazungu. Mwaka 1743 George Edwards alikwisha mchora shorobo wa Afrika ya Magharibi katika kitabu chake cha ndege wasio wa kawaida. Linnaeus, alipopanga majina ya viumbe mwaka 1758, alimweka shorobo wa Guinea pamoja na kekeo, labda kwa kukosa pa kumweka. Baadaye wataalamu wakamtengea familia yake, wakaiita Musophagidae, maana yake walaji wa ndizi, kutokana na jenasi ambayo daktari Paul Isert alikuwa ameipa jina mwishoni mwa miaka ya 1780 baada ya kukaa kwenye ngome za Wadenmark katika pwani ya Ghana ya leo. Kwa shorobo wengi jina hilo ni la kusingiziwa. Wao ni watu wa kuyu, matunda ya misitu na machipukizi. Shamba la migomba halina usalama wanaoutaka.

Kwa upande wetu wa bara, habari zinaanza kukusanyika katikati ya karne ya 19. Msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858, ulikuwa na ndugu yake Charles, mtu ambaye wenzake hawakumpenda sana lakini alikusanya ndege kwa bidii. Mwaka 1864 shorobo mwenye shungi refu lililochongoka akapewa jina la Livingstone. Watu wengi hudhani ni heshima ya David. Ni ya Charles. Kisha mwaka 1876 akatua Unguja daktari kijana Mjerumani aliyeitwa Gustav Adolf Fischer.

Unguja aliyoikuta Fischer ilikuwa ya Sayyid Barghash, mji wa karafuu na meno ya ndovu, ambako kila Mzungu mwenye nia ya kwenda bara alilazimika kutafuta wapagazi, vitambaa, shanga na ruhusa. Fischer alikuja pamoja na Mjerumani mwenzake Clemens Denhardt, na katika miaka miwili iliyofuata alizunguka nchi ya Witu na kuupanda mto Tana. Aliporudi alibaki Unguja akitibu wagonjwa. Katika sanduku la daktari wa wakati huo dawa ya maana kuliko zote ilikuwa kwinini. Naitaja kwa sababu: walioitoa kwinini katika maganda ya mti mwaka 1820, Wafaransa Pelletier na Caventou, ndio hao hao waliokuwa wameitenga rangi ya kijani ya majani miaka mitatu kabla na kuiita klorofili. Tutawarudia.

Fischer alikuwa na desturi ya kutuma ngozi za ndege zilizokaushwa kwa rafiki yake Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin. Mwaka 1878 Reichenow akatangaza shorobo mpya wa pwani yetu na kumwita kwa jina la Fischer: leo ni Tauraco fischeri. Ukitaka kumwona, nenda Jozani kisiwani Unguja au misitu ya Arabuko-Sokoke, na uwe na subira. Atakuona kabla hujamwona. Sauti yake ni ya kukwaruza, kubwa kuliko mwili wake, nayo hutoka ndani ya majani ambayo ungeapa hayana kitu. Hapigi mabawa bure. Hukimbia juu ya matawi kwa miguu, akiruka kutoka tawi hadi tawi, kijani ndani ya kijani. Shungi lake ni jekundu lililokolea lenye ncha nyeupe, jicho limezungushiwa wekundu, na chini yake kuna mstari mweupe kana kwamba amepakwa chokaa kwa kidole. Yote hayo hayamfichui. Kinachomfichua ni kuruka. Hapo mabawa mekundu hufunguka ghafla, huvuka uwazi, kisha hufungwa, na msitu unakuwa mtupu tena.

Kati ya mwaka 1882 na 1883 Fischer aliongoza msafara kutoka Pangani, akapita chini ya mlima Meru na kufika Ziwa Naivasha, akitangulia kidogo tu mbele ya Mskoti Joseph Thomson aliyekuwa akiitamani njia hiyo hiyo ya Umasaini. Katika vitabu vya safari hizi wapagazi wa Pwani, waliobeba vitambaa kwenda na masanduku ya ngozi za ndege kurudi, hutajwa kwa hesabu tu, ilhali bila mabega yao Berlin isingeona hata unyoya mmoja. Safari hiyo ilimpa Reichenow shorobo wa pili, mwenye shungi jeusi la kubuluka na baka jeupe mbele ya jicho. Mwaka 1884 wawili hao walimtangaza kwa jina la Gustav Hartlaub, daktari na mpenda ndege wa Bremen. Huyo ndiye shorobo wa nyanda za juu. Wakazi wa Nairobi humsikia katika msitu wa Karura asubuhi.

Wakati Fischer akijiandaa Pangani, huko Ujerumani mwanafiziolojia Carl Krukenberg alikuwa amekwisha hamia kwenye manyoya ya kijani. Mwaka 1882 alieleza kwamba kijani cha shorobo nacho ni dutu halisi inayoweza kutolewa katika unyoya, akaiita turakoverdini. Inaonekana jambo dogo, lakini halikuwa dogo.

Ulimwengu umejaa ndege wa kijani. Kuna kasuku, kerem, njiwa wa matunda. Mtu yeyote angedhani mwili wa ndege una rangi ya kijani kama ulivyo na nyeusi na njano. Kumbe hauna. Karibu wote hao wamefanya alichofanya mtia rangi wa kale: wameweka njano juu ya buluu. Na hiyo buluu yenyewe si rangi ya kutiwa. Ndani ya vijiti vyembamba vya unyoya kuna povu gumu lenye vijitundu vya hewa vidogo mno, ambalo huirudisha nuru ya buluu na kuiacha nyingine ipite, ikamezwe na weusi ulio chini. Ukitia juu yake tabaka la njano, jicho linapokea kijani. Mwaka ule ule wa 1869 ambao Church alitangaza shaba yake, mwanafizikia John Tyndall, naye Uingereza, alikuwa akieleza jinsi chembe ndogo mno zinavyotawanya nuru ya buluu zaidi ya nyingine. Kwa muda mrefu maelezo ya Tyndall yalichukuliwa kuwa yanatosha kwa manyoya pia. Ni miaka ya 1990 ndipo Richard Prum na wenzake walipoonyesha kwamba mpangilio wa vile vijitundu vya hewa, jinsi ulivyo wa kupimiana, ndio unaochagua buluu.

Kuna jaribio ambalo halihitaji maabara. Chukua unyoya wa kijani ulioanguka kwa kasuku, uponde kwa jiwe. Povu linavunjika, buluu inakufa, na unabaki na njano chafu. Uponde wa shorobo. Ni kijani. Utabaki kijani hata ukiwa unga.

Ndipo inapokuja sehemu ya hadithi ambayo nisingeiamini kama ingetungwa. Mwaka 1885 Fischer alipewa kazi ya kumtafuta Wilhelm Junker, Mrusi aliyekwama upande wa Equatoria kwa sababu ya vita vya Mahdi huko Sudan. Alifika Ziwa Victoria, hakuweza kupenya zaidi, akarudi pwani, akarejea Ujerumani, na Novemba 1886 akafa Berlin kwa homa aliyotoka nayo huku, akiwa na miaka 38. Mwaka uliofuata Reichenow akatangaza ndege mwingine kutoka katika mizigo ya safari hiyo ya mwisho: kasuku mdogo wa kusini mwa Ziwa Victoria, mwili wa kijani, uso wa rangi ya machungwa. Akamwita Agapornis fischeri. Hivyo jina la daktari mmoja wa Unguja limekaa juu ya ndege wawili wa kijani wa nchi yetu, mmoja anayeupata ukijani kwa hila ya nuru na mwingine kwa dutu ya kweli. Reichenow hakukusudia. Hakuwa na namna ya kujua.

Sasa turudi kwa Pelletier na Caventou. Walipoitenga klorofili mwaka 1817 hawakuwa na uwezo wa kujua imeundwa vipi. Kazi hiyo ilimsubiri Mjerumani Richard Willstätter, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alionyesha kwamba katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomu ya magnesi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Akafuata Hans Fischer wa Munich, asiye na undugu wowote na daktari wetu, aliyepata tuzo hiyo mwaka 1930 kwa kuchambua rangi ya damu na ya jani. Aliyoyafichua yanashangaza hadi leo. Damu na jani vina umbo moja la msingi, pete kubwa ya kaboni na nitrojeni iitwayo pofirini. Weka chuma katikati ya pete, una wekundu wa damu. Weka magnesi na ubadilishe pembeni kidogo, una kijani cha jani. Wakemia walipoichambua turasini ya Church, waliikuta ni pete hiyo hiyo, safari hii ikiwa imeshika shaba. Pete ya aina ile mwili wa binadamu huitoa nje kwa mkojo, ndiyo maana jina lake la kitaalamu, uropofirini, linatokana na mkojo. Shorobo anajipambia kile ambacho sisi tunakitupa.

Kijani je? Turasini ikiachwa katika alkali mahali penye hewa huanza kugeuka kijani, na kwa sababu hiyo turakoverdini imechukuliwa siku zote kuwa jamaa wa karibu wa turasini, mtoto wa shaba ile ile aliyepitia oksijeni. Shaba inatoka katika chakula, tone kwa tone, katika matunda na majani ambayo yana kidogo sana. Ndiyo maana makinda hutoka kiotani wamefifia na kukolea taratibu. Hapa msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kutabasamu: jimbo lake liliitwa Shaba kwa miaka ishirini na zaidi, na kando ya mito yake anaishi shorobo wa Ross mwenye mabawa mekundu.

Mtu aliyewafanya shorobo kuwa mada nzima, badala ya vipande vya ngozi katika droo, aliishi Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, Waingereza wakakifufua miaka ya 1920, na mwaka 1928 akaja Reginald Moreau, mhasibu wa jeshi aliyekuwa amekaa Misri kwa sababu ya ugonjwa wa viungo. Hakuwa mwanabiolojia wa chuo kikuu. Aliajiriwa kuhudumia maktaba na ofisi. Alikaa hadi mwaka 1946, na katika muda huo yeye, mkewe Winifred na wakusanyaji wao wa Kiafrika, akiwemo Salimu Asmani aliyeijua misitu ile kuliko mgeni yeyote, waliifanya Usambara kuwa mahali panapotajwa na kila mwanafunzi wa ndege wa Afrika. Ndege mmoja mdogo wa Uluguru ana jina la Winifred, na mwingine wa Amani ana la Moreau. Sijui spishi yoyote inayojulikana kwa jina la Salimu, na naliona hilo kuwa upungufu mkubwa kuliko kasoro nyingi za elimu hii.

Moreau aliandika juu ya shorobo akiwa bado Tanganyika, kisha mwaka 1958, akiwa Uingereza na mhariri wa jarida la Ibis, akatoa makala ndefu juu ya familia nzima: wanakula nini, wanaatamia vipi, wamegawanyikaje, na rangi zao. Alichokiona mtu aliyeishi nao kilikuwa rahisi. Shorobo wenye kijani ni wa misitu isiyopukutisha majani na vichaka vizito vya kando ya mito. Jamaa zao wa nyika kavu, wale wenye mashungi yaliyosimama na makelele yasiyokwisha, ni wa kijivu. Hawana turasini wala turakoverdini. Shaba inakwenda na msitu.

Nani angefikiri kwamba hata kujua anapoishi shorobo kunaweza kugharimu nusu karne? Mwana wa ukoo wa kikabaila wa Kiitaliano, Eugenio Ruspoli, alipita kusini mwa Ethiopia akikusanya viumbe, na mwaka 1893 akauawa na tembo. Katika mizigo yake wakakuta shorobo wa aina isiyojulikana, bila karatasi ya kueleza amepatikana wapi. Mwaka 1896 akapewa jina la marehemu, na kwa miongo kadhaa akawa ndege mwenye jina asiye na nchi. Ni miaka ya 1940 ndipo alipoonekana tena. Upande wa Rwenzori mambo yalikwenda wepesi zaidi. Shorobo wa milima ile, ambaye leo huwafurahisha watalii wa Nyungwe, alitangazwa mwaka 1901 kwa jina la Harry Johnston, aliyekuwa akiiongoza Uganda kwa niaba ya Waingereza. Unguja nako, mwaka 1938, ofisa wa serikali R. H. W. Pakenham aliutenga ukoo wa kisiwani wa shorobo wa Fischer kuwa nususpishi ya Zanzibar.

Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba shorobo ndio ndege pekee duniani wenye rangi ya kijani ya kweli. Sentensi hiyo inapendeza masikioni mwa Mwafrika, nami ningetaka iwe hivyo. Lakini mwaka 1992 Jan Dyck wa Copenhagen alipima nuru inayorudi kutoka manyoya ya kijani ya ndege mbalimbali, akaonyesha kwamba dutu za kijani zinazofanana na turakoverdini zimo pia katika ndege wachache wa mbali: kwale mmoja wa misitu ya Malaya, kuku-msitu wa milima ya Himalaya, na ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya mayungiyungi huko Amerika ya Kati. Hata hivyo hao ni vipande tu, hapa na pale. Familia iliyofanya kijani hicho kuwa vazi lake, na kulivaa toka Senegal hadi Natal, ni moja.

Viumbe wengine wameendelea na ujanja wao. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba kinyonga wa Madagaska ana fuwele ndogo mno katika ngozi yake, zinazorudisha buluu chini ya tabaka la njano. Akitulia ni kijani, akikasirika fuwele huachana na buluu hutoweka. Miaka mitano baadaye ikajulikana kwamba vyura fulani wa miti wa Amerika ya Kusini hujikijanisha kwa mabaki ya damu iliyovunjwa, ile rangi inayoonekana katika jeraha la kugongwa linapoanza kupona. Ukiwatazama pamoja na kasuku unaona kwamba mnyama akitaka kijani hulazimika kukizunguka. Jani ndilo linalokipata bila kutafuta, kwa sababu kijani ni nuru ambayo jani halina matumizi nayo sana na huirudisha. Watu wa Eswatini, kwa upande wao, wamechagua wekundu: manyoya ya mabawa ya shorobo wa kule hupamba vichwa vya wana wa ukoo wa kifalme.

Ndege wawili wa Fischer hawana hali nzuri sana. Wote wawili wamo katika orodha ya wanaokaribia kutishiwa. Shorobo anapoteza misitu ya pwani, inayokatwa kwa mkaa, mashamba na nyumba za ufukweni. Yule kasuku mdogo alikamatwa mno. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, wakitolewa Tanzania kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, hadi biashara hiyo ikabanwa. Na mwaka 2016 Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwa jumla.

Katika vizimba vya Ulaya wafugaji wamemgeuza kasuku huyo atakavyo mteja. Wamechagua wale waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza njano, wakawapandisha, na leo unaweza kununua Agapornis fischeri wa buluu tupu, uso mweupe, kana kwamba hajawahi kuwa wa kijani. Ameondolewa tabaka moja tu. Buluu ilikuwamo siku zote. Shorobo hawezekani kwa mchezo huo. Katika manyoya yake ya kijani hakuna rangi nyingine inayosubiri chini. Ukimnyang'anya turakoverdini unabaki na kijivu, kama kile cha jamaa zake wanaopiga kelele juu ya migunga ya Serengeti, nchi hiyo hiyo ya kasuku wa Fischer.